Akili Haifunzwi Usiku wa Kuamkia Gala

Wacha niseme hili mapema ndio tukosane mapema: zile klipu za motisha mnazotumiana usiku wa kuamkia gala hazikusaidii kitu. Najua ziko na biti kali. Najua kuna sauti nzito ya mzee fulani anakuambia maumivu ni ya muda tu, halafu Phelps anaibuka kwa maji kama papa. Mimi kazi yangu ni video, hiyo hesabu naielewa vizuri. Ukipunguza kasi ya picha pale mikono inapopasua maji, mtazamaji lazima asisimke. Lakini huo msisimko huwa umeisha kabla hujafika steji kesho yake asubuhi. Ukishasimama juu ya kibao cha kurukia, leni ya nne, na mtu wa leni ya tano amekuzidi kichwa kizima, klipu haiko. Kile kiko ni ile kitu ulifanya Jumanne iliyopita wakati kocha alikuwa ameangalia upande mwingine.

Msimamo wangu ni huu. Akili ya mwogeleaji haijengwi na maneno makali. Inajengwa ndani ya mazoezi yaleyale ya kila wiki, yakifanywa kwa namna ambayo wengi wetu tunaona ni ya kijinga. Mkitaka kuiita maindseti, sawa. Mimi naiita kugusa ukuta kwa mikono miwili hata kama hakuna mtu anaangalia.

Na hiyo ya kugusa ukuta sijaitunga. Kuna Mmarekani anaitwa Mary T. Meagher. Akiwa na miaka 13 huko Kentucky, alikuwa tayari amefuzu mashindano ya kitaifa, akajiambia anataka kuvunja rekodi ya dunia ya mita 200 mtindo wa kipepeo. Sasa fikiria wewe ukiwa na miaka 13 unapanga kuvunja rekodi ya dunia, ungebadilisha nini? Labda ungeomba ununuliwe swimsuti mpya. Labda ungeweka saa ya kukuamsha saa 9 usiku. Yeye alibadilisha vitu viwili. Alianza kufika mazoezini kwa wakati, kila siku. Na akaanza kugeuka vile sheria inasema, mikono miwili ikigusa ukuta pamoja, kila geuko la kila zoezi.

Basi. Hiyo ndio siri yenyewe.

Kama umewahi kuogelea kipepeo au chura unajua vile sisi hufanya mazoezini. Unachoka, unafika ukutani, unagusa kwa mkono mmoja, unazunguka kivivu, unavuta hewa kidogo ukijifanya unarekebisha miwani. Siku ya mashindano unatarajia mwili wenyewe ukumbuke sheria. Meagher alikataa huo mchezo, na 1979, akiwa na miaka 14, akaivunja rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata Marekani ikasusia Olimpiki ya Moscow, sawa na vile Kenya pia ilisusia, kwa hivyo msichana mwenye rekodi ya dunia akakaa nyumbani. Hakuacha. 1981 akaogelea mita 100 kipepeo kwa sekunde 57.93 na mita 200 kwa dakika 2:05.96. Hiyo ya mita 100 ilidumu hadi 1999, ya mita 200 hadi 2000. Los Angeles 1984 akabeba dhahabu tatu.

Hadithi hii ya ukuta iko kwenye maandishi ya mwanasosholojia anaitwa Daniel Chambliss, jamaa aliyekaa na waogeleaji miaka kadhaa, akiwafuata na pia akiwafunza, halafu 1989 akachapisha makala kuhusu alichokiona. Alichokiona kinakera. Anasema walio juu kabisa hawana dawa ya siri, na mara nyingi hata hawafanyi zaidi ya wengine. Wanafanya tofauti. Vitu vidogo vinavyochosha, kimoja kimoja, vikifanywa sawa hadi viwe tabia. Yaani ukiwatazama kwa karibu, unaboeka. Mimi kama mtu wa kamera nakubali kabisa: hakuna klipu ya kusisimua utatengeneza kuhusu mtoto anayegusa ukuta vizuri.

Hebu tupige hesabu ya hapa nyumbani. Vidimbwi vyetu vingi ni vya mita 25. Kama zoezi lako ni mita 3,000, hiyo ni kuvuka mara 120, na ukiogelea mfululizo ni mageuko 119. Siku tano kwa wiki inakuwa karibu mageuko 600. Hayo ni maamuzi 600 madogo, kila moja likija wakati mapafu yanawaka na hakuna mtu anakuona. Ukipiga 600 kivivu, umefanya mazoezi mazuri sana ya uvivu. Halafu Jumamosi mzazi analalamika ati mtoto ni mwepesi lakini “hana akili ya mashindano”. Akili ya mashindano anayo, ni ile alifunzwa na hayo mageuko 600.

Mimi hulipwa na vilabu kadhaa hapa Nairobi kupiga video za gala. Nakaa karibu na vibao na kamera, kwa hivyo naona nyuso ambazo nyinyi mliokaa kwa jukwaa hamzioni. Naona watoi wa miaka 10 wakitetemeka, na si baridi pekee. Kuna msichana wa kama miaka 14 nilimwona mwaka jana akitapika nyuma ya choo, akasuuza mdomo, akaenda kupanga laini. Kocha wake alikuwa anamwambia “Tulia! Tulia!” kwa sauti ya kutosha kumtisha hata aliyekuwa ametulia. Sina ubaya na huyo kocha, ana watoto 40 na kipaza sauti kimoja. Lakini “tulia” si maelekezo. Ni sawa na kumwambia mtu ambaye hajawahi kufunzwa kujipindua ukutani, “Pinduka!” Kutulia ni ujuzi, na ujuzi hufunzwa wakati hauhitajiki, ndio uwepo wakati unahitajika. Yule msichana anafunzwa mateke siku tano kwa wiki. Kutulia anafunzwa sekunde 30 kabla ya kuruka.

Sasa tuongee kuhusu Phelps, kwa sababu nyote mnamtumia vibaya.

Beijing, Agosti 2008, fainali ya mita 200 kipepeo. Anaruka, na miwani inaanza kuingiza maji. Ilipofika mita za katikati ilikuwa imejaa, haoni ukuta, haoni mstari, haoni mtu. Klipu zenu huishia kwa “hakukata tamaa”. Hapana bwana. Kutokata tamaa hakukuonyeshi ukuta uko wapi. Alichofanya ni kuhesabu mikono. Alijua urefu wa mita 50 unamchukua mikono mingapi, alijua ule wa mwisho ni kama mikono 20 hivi, akahesabu, akanyoosha, akagusa. Dhahabu, rekodi ya dunia, dakika 1:52.03. Kipofu.

Unahesabu hivyo aje kama hujawahi kuhesabu? Huwezi kuanza kuhesabu siku ya fainali. Kocha wake, Bob Bowman, alikuwa amemzoesha tangu akiwa kijana kuogelea shindano lote kichwani, usiku kabla ya kulala na asubuhi akiamka. Wao waliita kucheza kanda, kanda ya video, enzi hizo. Anaona kuruka, anaona kila mkono, kila geuko, hadi kugusa na kutazama muda ubaoni. Na hakuwa anaona ushindi tu. Alikuwa anacheza pia kanda za mambo yakienda mrama. Bowman mwenyewe amesimulia kuwa kuna wakati aliikanyaga miwani ya Phelps makusudi kabla ya shindano, ili kijana aogelee bila kuona. Mtu asiyejua angesema ni ukatili. Beijing ikaja ikaonekana ilikuwa ni mtihani wa majaribio.

Hapo ndio nataka mkae kidogo, kwa sababu hii kitu ya kuogelea kichwani wengi wanaifanya kama ndoto za mchana. Mtu analala chali, anajiona akipewa medali, wimbo wa taifa unapigwa, mathe analia. Hiyo ni burudani tu, mazoezi hayako hapo. Kuna njia moja ya kujua kama unafanya kweli, na haigharimu kitu. Chukua simu, fungua ile saa ya kuhesabu sekunde. Funga macho. Sikia ubaridi wa kibao chini ya nyayo, sikia firimbi, sikia kelele za shule nyingine. Ikilia ile ya kuanza, bonyeza. Ogelea yote. Usiruke hata mkono mmoja. Ukigusa ukuta wa mwisho, bonyeza tena.

Kama muda wako wa mita 50 ni sekunde 34 na simu inakuambia 21, hongera, umekaribia rekodi ya dunia kitandani. Maana yake kuna sehemu umeziruka. Na ukirudia polepole utagundua unaruka palepale kila siku: geuko, na zile mita 15 za mwisho ambapo mikono imekuwa mizito kama ya kubeba debe. Kichwa kinaruka pale panapouma. Ndio maana siku ya gala ukifika hapo unashangaa kama mgeni, kwa sababu kweli wewe ni mgeni, hujawahi kufika hapo hata kwa mawazo. Rudia hadi simu na ukweli vikaribiane, sekunde moja au mbili hivi. Itachukua wiki kadhaa.

Halafu cheza kanda mbovu. Hizo za Kenya tunazijua wenyewe. Gala kwa karatasi inaanza saa 2 asubuhi, kwa ukweli inaanza saa 4, wewe umeshapasha mwili moto na umekauka na umepata baridi tena. Umeitwa heti ya 6 lakini karatasi iliyobandikwa ilisema 8. Kofia imepasuka. Jirani ameruka kabla ya wakati na wote mmerudishwa. Mita 25 za kwanza mtu uliyemshinda mwezi jana yuko mbele yako. Kila moja ya hizi ichezee kanda na uamue kabla: hii ikitokea, nafanya nini? Na jibu liwe kitendo. “Nitakuwa jasiri” haifanyi kazi ndani ya maji. “Nitahesabu mikono mitatu kabla ya kuvuta hewa” inafanya.

Wa mgongo, nyinyi mna bahati, mna zile bendera. Ziko mita 5 kutoka ukutani, kila kidimbwi cha mashindano. Mtu wa mgongo asiyejua ni mikono mingapi kutoka bendera hadi ukuta wake, na bado anatazama nyuma mazoezini kila anapokaribia, anajifunza uoga mara mia kwa siku. Hesabu. Kama ni minne, iwe minne ukiwa umechoka na minne ukiwa mzima.

Kupumua nitapita haraka kwa sababu kila mtu anajifanya mtaalamu. Vuta kwa hesabu ya nne, toa polepole kwa sita, dakika tatu, kila siku, hata ukiwa kwa matatu. Kama utaanza kufanya ukiwa nyuma ya kibao, usijisumbue, chelewa tu.

Nije kwa mtu wetu. Jason Dunford. Wadogo hapa wengi mnamjua kama Samaki Mkuu wa muziki, sawa, lakini huyu jamaa ndiye Mkenya wa kwanza kufika fainali ya kuogelea Olimpiki. Beijing hiyohiyo ya 2008, mita 100 kipepeo. Kwenye mchujo akaogelea sekunde 51.14, na hiyo ikawa rekodi ya Olimpiki. Mkenya, nchi ambayo ukisema unaogelea watu wanakuuliza kama ni Diani, ameshika rekodi ya Olimpiki. Aliishikilia dakika chache. Heti iliyofuata hivi, Milorad Čavić wa Serbia akaichukua kwa 50.76.

Mimi hurudi kwa hizo dakika chache mara nyingi kuliko ninavyorudi kwa miwani ya Phelps. Kwa sababu miwani kujaa ni ajali. Kuporwa kitu kikubwa cha maisha yako kabla hujakauka maji, hiyo ni aina nyingine. Na bado ana nusu fainali na fainali mbele yake. Angeweza kuogelea zilizobaki akiwa bado kwa hiyo rekodi, ama akilia ama akisherehekea. Aliingia fainali akamaliza wa tano, sekunde 51.47, kwenye lile shindano ambalo Phelps alimpiku Čavić kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Miaka miwili baadaye, Delhi, akachukua dhahabu ya mita 50 kipepeo Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kwa vile napenda takwimu zisizo na maana: 2016 kule Rio, Phelps, Chad le Clos na László Cseh waligusa ukuta pamoja kwenye mita 100 kipepeo wakagawana fedha nyuma ya Joseph Schooling wa Singapore. Muda wao? 51.14. Ule wa Dunford.

Sasa najua komenti iliyo njiani. “Bro, unaongea uthabiti, na kidimbwi natoa wapi?” Hii ni hoja ya kweli na sitaipuuza kwa maneno ya motisha. Kuogelea Kenya ni mchezo wa gharama. Kasarani kuna kidimbwi cha mita 50, lakini jaribu kutoka Rongai ufike huko saa 11 alfajiri kisha urudi shule. Vilivyobaki vingi ni vya shule za kulipa pesa ndefu na vya mahoteli, unalipa mlangoni halafu unaogelea ukikwepa watu wanaopigana picha. Julai Nairobi maji ni kama ya friji. Mombasa kuna bahari, kweli, lakini bahari haina ukuta wala mstari mweusi chini. Kwa hivyo mtu akikuambia tofauti yako na bingwa ni nidhamu tu, muulize babake ana kidimbwi cha mita ngapi.

Lakini hapo ndio nataka tutazame vizuri, kwa sababu wanaofikiwa na maji mara mbili kwa wiki ndio wanahitaji hii kitu ya akili zaidi, na ndio wanaambiwa wangoje hadi wapate kidimbwi. Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta alifanya mazoezi kwenye kidimbwi kidogo cha hoteli. Sydney 2000 alipofika ndio mara ya kwanza kuona kidimbwi cha mita 50. Wenzake wawili wa heti wakaruka mapema wakaondolewa, akaogelea peke yake mita 100 kwa dakika 1:52.72, mwisho karibu anazama, uwanja mzima umesimama. Dunia ikacheka, ikampenda, ikasahau. Hiyo klipu mnayo. Ile hamna ni kwamba alirudi kwao akaendelea, na kufikia 2004 alikuwa ameshusha muda wake chini ya sekunde 57. Karibu nusu! Athens hakwenda kwa sababu ya fujo za viza. Baadaye akawa kocha wa taifa lake. Mnaonyeshana dakika mbili za aibu, mnaacha miaka minne ya kazi, halafu mnasema mnatafuta motisha.

Kama unapata maji Jumamosi pekee, kanda bado unaweza kuicheza kila usiku. Kunyoosha vifundo vya miguu ukiwa unatazama TV. Kusimama mbele ya kioo mikono ikiwa imebana masikio, mstari mmoja kutoka vidole hadi kisigino, sekunde 30. Daftari. Daftari ni ya muhimu, nunua ya shilingi ndogo tu pale kwa duka: tarehe, nilifanya nini, kitu kimoja nilikifanya sawa, kitu kimoja cha Jumamosi ijayo. Siyo hisia zako zote na mipango ya kuomoka. Mistari minne. Mtu mwenye Jumamosi 40 zilizoandikwa, na kila moja ina kazi yake, anampita mtu mwenye siku tano kwa wiki za kuelea tu. Si kwa kila kitu, mapafu hayadanganywi. Lakini kwa geuko, kwa kuruka, kwa kutulia, ndiyo.

Na mambo ya kuamka saa 9 usiku, tafadhali. Hiyo pia imetoka kwa klipu. Ndiyo, Phelps alisema kuna miaka alifanya mazoezi kila siku bila kuruka hata Jumapili au Krismasi. Alikuwa pia na kocha wa kazi hiyo tu, chakula cha kutosha na usingizi wa mchana. Wewe una prepu, una matatu, una somo la kwanza saa 1 asubuhi. Kijana wa umri wa sekondari anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Ukiiba hapo ili uwe “mgumu”, unalipa kwa mwili uleule unaoutaka uende kasi. Uthabiti ni kitu ambacho unaweza kukirudia mwezi wa sita kama ulivyokifanya mwezi wa kwanza. Kama mpango wako unaweza kudumu wiki mbili za Januari pekee, hiyo ni sherehe.

Kuna kitu kingine zaidi, na hapa nitaacha mzaha. Mafunzo ya akili si tiba. Phelps huyuhuyu wa kuhesabu mikono gizani amesema hadharani kwamba 2014 alifika mahali hakutaka tena kuishi, na kilichomsaidia ni kwenda kutafuta msaada na kuongea. Adam Peaty wa Uingereza, dhahabu mbili mfululizo za mita 100 chura, 2023 alisimama kuogelea mashindano kwa sababu ya afya ya akili. Alirudi, Paris 2024 akakosa dhahabu kwa sehemu mbili za mia ya sekunde. Hawa ni watu ambao nidhamu yao huwezi kuishuku. Kwa hivyo mtoto akianza kukosa usingizi wiki nzima, akianza kulia kila Jumapili jioni kwa sababu ya mazoezi ya Jumatatu, usimwambie akaze. Usimpe mpango wa kupumua wa kutoka kwa mtu wa mtandaoni kama mimi. Keti naye, na umpeleke kwa mtu aliyesomea.

Mama na baba mnaosoma hii, kwa heshima, mimi huwarekodi bila kutaka. Kamera yangu inashika sauti ya jukwaani. Mtoto anatoka majini, hata kofia hajavua, swali la kwanza ni “Umeogelea ngapi?” La pili ni “Na yule wa leni ya tano?” Mnajua nini kinafundishwa hapo? Kwamba kitu pekee kinachohesabika ni kile asichokidhibiti. Leni ya tano si yake. Mikono yake ni yake. Mwulizeni kama alihesabu. Mwulizeni geuko la tatu lilikuwaje. Atashangaa siku ya kwanza, siku ya nne atakuwa na jibu.

Kuna mtu sai ameshaandika, “Wewe uliacha kampasi mwaka wa pili unatufundisha uthabiti?” Niliacha, ndiyo, na sababu zake ni za familia yangu. Huku kwa ukurasa nimeweka video kila Jumanne na Ijumaa tangu wakati huo, nyingine zimetazamwa na watu 200, nusu yao binamu zangu. Tuendelee.

Ombi langu ni kwa makocha, na si kubwa. Mna zoezi la saa moja na nusu. Toeni dakika 10 za Alhamisi. Watoto waketi kando ya kidimbwi, miguu ndani ya maji, macho yamefungwa, kila mmoja aogelee shindano lake kichwani, na wewe ushike saa. Anayemaliza anainua mkono, unamwambia muda wake. Wiki ya kwanza watacheka na kusukumana, na mmoja lazima ataanguka ndani ya maji. Wiki ya tatu wataanza kubishana nani yuko karibu na muda wake wa kweli. Halafu waingie majini, na geuko lolote la mkono mmoja lirudiwe, hata la yule bingwa wa klabu. Yeye hasa. Kama kuna klabu itakubali kujaribu hii muhula mzima, nitakuja na kamera kila Alhamisi bila malipo, nauli najilipia.